Ile taa nyekundu ya LOS: Kwa nini Kilifi na Malindi zangoja leza ya bei rahisi

Wajua ile taa. Kisanduku cheupe kiko ukutani, taa za kijani zimejipanga kama kawaida, halafu ghafla moja inakuwa nyekundu na kuanza kupepesa. Chini yake pameandikwa LOS. Video uliyokuwa ukipakia imefika asilimia 83 na hapo ndipo itakapolala. Wapiga simu, waambiwa "fundi yuko njiani". Wewe unayeishi Kilifi au Malindi wajua njia hiyo huwa ndefu kuliko ya kwenda Lamu.

LOS maana yake ni kwamba mwanga umepotea. Faiba ni uzi wa kioo, na kinachopita ndani yake ni mwanga tu. Ukikatika, au mtu akiukunja kupita kiasi, kisanduku chako kinabaki gizani.

Leo sitaki tuwatukane mafundi. Nataka tufungue kile kisanduku, kwa maneno tu, usichukue bisibisi. Ndani mna leza. Naam, leza kama zile za sinema, ila chipu yake ni ndogo kuliko punje ya chumvi ya mawe ya kule Gongoni. Hiyo leza ndiyo inayopeleka ujumbe wako, picha zako na ile video yako ya asilimia 83. Na bei yake, amini usiamini, ni mojawapo ya mambo yatakayoamua kama mtaa wako utapata intaneti ya maana miaka ijayo, au mtaendelea kugawana bando kwa hotspot.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hiyo usitarajie milinganyo hapa. Nitakueleza jinsi nilivyoelewa mwenyewe, baada ya kusoma sana na kuwasumbua mafundi wengi.

Bahari ilishafanya kazi yake

Tuanzie majini. Kabla ya 2009, Kenya ilikuwa ikitegemea satelaiti kuunganishwa na dunia, na megabiti moja kwa sekunde iligharimu maelfu ya dola kwa mwezi. Ndiyo maana saiba zilikuwa zikikuhesabia dakika kama teksi.

Halafu mwaka huo wa 2009 kebo za baharini zikafika Mombasa. TEAMS ilitoka Fujairah kule Umoja wa Falme za Kiarabu. SEACOM ikawashwa Julai. Mwaka uliofuata ikaja EASSy, na 2012 LION2. Baadaye zimekuja nyingine, zikiwemo PEACE na 2Africa. Na katika 2009 hiyo hiyo, Charles Kao alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi aliyoifanya miaka ya 1960, ya kuonyesha kwamba mwanga unaweza kusafiri mbali ndani ya kioo kikiwa safi vya kutosha.

Kwa hiyo lango la intaneti la sehemu kubwa ya Afrika Mashariki liko hapa hapa Pwani. Kutoka Mombasa hadi Kilifi ni kama kilomita 60. Ukiongeza nyingine kama hizo, uko Malindi. Mzigo unashukia mlangoni kwetu halafu wakimbia kwenda Nairobi, na sisi tulio kando ya barabara twaupungia mkono.

Shida iko nchi kavu, kwenye zile kilomita za mwisho kutoka kituo cha kampuni hadi sebuleni kwako. Wataalamu huziita mtandao wa ufikiaji. Hapo ndipo gharama zinapouma, kwa sababu kila kitu unachonunua wakizidisha kwa idadi ya nyumba.

Shika hilo neno, kuzidisha. Tutalirudia.

Nyumba 32, uzi mmoja

Huenda wadhani una uzi wako binafsi kutoka kwako hadi kampuni. Huna. Aina ya mtandao iliyoenea zaidi inaitwa GPON, na viwango vyake vilitolewa 2003. Uzi mmoja unatoka kituoni, unafika mtaani, unaingia kwenye kigawanyio, kisha unatawanyika kwenda nyumba 32, mara nyingine 64. Kigawanyio hicho hakitumii stima. Ni kioo tu kinachogawa mwanga, kama mfereji mmoja unaojaza ndoo nyingi. Kwa nchi ambayo stima hupotea bila kuaga, huo ni uamuzi wa busara sana.

Mwanga unaokuja kwako una urefu wa wimbi wa nanomita 1490. Unaotoka kwako una nanomita 1310. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Macho yetu hayaoni mwanga huo, lakini wewe fikiria ni rangi mbili tofauti. Rangi moja inakuja, nyingine inakwenda, uzi ni ule ule, na hazigongani.

Sasa, nyumba zote 32 zatumia rangi moja kupeleka. Zikipeleka pamoja zitavurugana. Kwa hiyo mashine ya kituoni inatoa zamu: wewe sasa, nyamaza, jirani sasa, nyamaza. Zamu hizo zinapita kwa kasi ambayo huwezi kuigundua, hadi siku mtaa mzima uwe nyumbani.

Piga hesabu nami. GPON inaleta karibu gigabiti 2.5 kwa sekunde, na kupeleka karibu gigabiti 1.25. Nyumba 32 zikitaka kupeleka kwa wakati mmoja, kila moja inapata kama megabiti 39. Zikiwa 64, kama megabiti 19. Si mbaya, wajua, kwa sababu mara chache wote hupeleka pamoja. Lakini mtaa umebadilika. Huyu anafanya kazi za mtandaoni za Wazungu usiku, yule anastrimu gemu, mwingine ana kamera nne za ulinzi, na wewe una video yako. Mtandao uliopangwa kwa watu wa kutazama tu sasa umejaa watu wa kutuma.

Njia mbili za kupanua barabara

Wahandisi walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza kasi ya rangi moja. Hiyo ndiyo XGS-PON, iliyotolewa 2016: gigabiti 10 kuja na gigabiti 10 kwenda. Wafikirie matatu ile ile, injini kubwa zaidi.

Ya pili ni kuongeza rangi. Hiyo inaitwa NG-PON2, ambayo viwango vyake vilitengenezwa kuanzia 2013 hivi. Inachukua uzi ule ule na kupitisha rangi nne, kila moja na gigabiti 10. Jumla 40. Hapa hujabadilisha injini, umeongeza leni tatu kwenye barabara ambayo tayari imelipiwa.

Kwa mtu wa Kilifi au Malindi, njia ya pili inavutia kwa sababu tatu. Kwanza, kampuni inaweza kuanza na rangi moja, halafu iongeze nyingine wateja wakiongezeka, bila kuchimba tena. Pili, kadi ya rangi moja ikiharibika kituoni, nyumba zako zaweza kuhamishiwa rangi nyingine wakati fundi akitafuta spea Mombasa. Tatu, na hii ndiyo kubwa, kampuni nne zinaweza kutumia uzi mmoja, kila moja na rangi yake.

Basi mbona hatuna hiyo? Kwa sababu kisanduku cha nyumbani lazima kiwe na leza inayoweza kubadili rangi, na kipokezi kinachoweza kuchagua rangi. Leza hiyo ni ghali.

Utaniuliza, si watengeneze visanduku vya aina nne, kila kimoja na rangi yake ya kudumu? Haya. Fundi ametoka Kilifi mjini kwa bodaboda hadi Matsangoni. Amebeba cha rangi ya kwanza. Anafika, anakuta uzi huo umejaa, nyumba hii inafaa iwe rangi ya tatu. Anarudi. Na kule stoo lazima waweke akiba ya aina nne, na mteja akihamishwa rangi lazima abadilishiwe kisanduku. Hesabu hiyo haifai kitu. Kisanduku lazima kiwe cha aina moja, kinachojirekebisha chenyewe kama redio inavyotafuta stesheni.

Adui ni joto

Hapa ndipo stori inaponoga, na inatuhusu watu wa Pwani moja kwa moja.

Rangi ya leza ya kawaida ya mtandao hubadilika na joto. Ikipata digrii moja zaidi, urefu wa wimbi unasogea kama sehemu moja ya kumi ya nanomita. Yaani digrii 10, nanomita moja.

Kwenye XGS-PON, leza yako ya kupeleka imepewa nafasi kati ya nanomita 1260 na 1280. Hiyo ni leni yenye upana wa nanomita 20. Hata kisanduku kikitoka kwenye baridi ya Limuru kikaja kuchomwa chini ya mabati ya Malindi, tofauti ya digrii 60, rangi itasogea nanomita 6 tu. Bado uko ndani ya leni yako. Huhitaji kitu cha kuidhibiti. Ndiyo maana leza hiyo ni rahisi.

Kwenye NG-PON2, rangi moja na ya jirani yake zimeachana kwa kama nanomita 0.8. Hebu rudi kwenye hesabu yetu. Nanomita 0.8 ni digrii 8. Tofauti ya asubuhi na saa nane mchana katika chumba cha mabati yatosha kukutoa kwenye leni yako na kukuingiza kwa jirani. Ukiingia kwake, wamharibia yeye pia.

Na kuna kero nyingine. Kumbuka leza yako haiwaki muda wote, inawaka zamu yake ikifika tu. Kila inapowaka inajipasha yenyewe, na rangi inateleza kidogo. Ni kama mwimbaji anayeanza wimbo kwa sauti sahihi halafu anapanda bila kujua.

Suluhisho la zamani ni kuiweka leza juu ya kipoza kidogo cha umeme. Kama umeona zile dispensa za maji za bei ya chini ambazo hupoza bila kompresa, ni ujanja ule ule: umeme unapita, upande mmoja unakuwa baridi, mwingine moto. Kinafanya kazi vizuri sana. Lakini kipoza kinakula umeme mwingi kuliko leza yenyewe, kinahitaji boksi maalum la chuma lililofungwa barabara, na pembeni kinawekewa kifaa cha kupima rangi, kama rula, kuhakikisha leza iko mahali pake. Halafu kila moja inapimwa kiwandani peke yake, rangi baada ya rangi, kwa sababu hakuna leza mbili zinazofanana kabisa.

Hapo ndipo pesa zinapoenda. Chipu yenyewe si ghali sana. Kinachogharimu ni kuifunga, kuipoza na kuipima.

Leza za namna hiyo tayari ziko Mombasa, kwa njia. Kebo za baharini hupitisha rangi nyingi ndani ya uzi mmoja, na mitambo ya mwisho wa kebo hutumia leza zinazobadili rangi. Hakuna anayelalamika bei, kwa sababu leza moja pale inabeba mzigo wa maelfu ya watu. Ya kwako inambeba nani? Wewe na ndugu yako mdogo anayecheza gemu.

Ujanja wa kupunguza bei

Nilidhani suluhisho ni kungoja mtu avumbue leza bora zaidi. Nilikosea. Mengi yaliyofanywa ni kinyume chake: kuidai leza ya nyumbani mambo machache zaidi.

Ujanja wa kwanza ni kuacha kupoza, kupasha tu. Kupoza ni ghali, kupasha ni rahisi. Pasi ya nguo haina maajabu. Kwa hiyo unaweka kihita kidogo karibu na leza, na unaifanya ifanye kazi kwenye joto ambalo liko juu ya joto lolote la mahali ilipo. Tuseme ndani ya kisanduku chako mchana hufika digrii 55. Unaipanga rangi ya kwanza iwe digrii 55, ya pili 63, ya tatu 71, ya nne 79. Rangi nne, digrii 24 kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Hakuna kipoza. Ubaya wake ni kwamba leza ikiwa moto hutoa mwanga hafifu na huzeeka upesi, kwa hiyo chipu lazima iwe ya kuvumilia. Watu wa Malindi twaielewa hiyo hali bila kuelezwa.

Ujanja wa pili ni kuitoa ile rula nyumbani na kuiweka kituoni. Huu ndio naupenda zaidi. Umewahi kuona matatu ikirudi nyuma stejini? Dereva haoni kitu. Makanga yuko nyuma anapiga bodi: "Kuja, kuja, kata kidogo, simama!" Gari halihitaji kamera kwa sababu kuna mtu anayeona. Mtandao waweza kufanya vivyo hivyo. Rangi yako ikianza kuteleza, mwanga unaofika kwenye mlango wako kituoni unapungua, na wa mlango wa jirani unaongezeka. Mashine ya kituoni inaona, inatuma ujumbe: sogea kidogo. Kisanduku kinaongeza au kupunguza joto la kihita. Kisanduku chenyewe hakijui rangi yake hasa ni ipi, na hakihitaji kujua.

Hapa lile neno kuzidisha linarudi. Hesabu hii ni ya mfano tu: tuseme rula moja ni Sh2,000. Ukiweka kila nyumba, nyumba 64 ni Sh128,000. Ukinunua moja bora zaidi ya Sh64,000 na kuiweka kituoni, kila nyumba inabeba Sh1,000. Na mtaa ukiwa na nyumba elfu kadhaa zinazotumia kituo kimoja, mgao wa kila mmoja unazidi kushuka. Kitu ghali ukikiweka mahali ambapo wengi wanakichangia, kinakuwa rahisi. Ndivyo chama kinavyofanya kazi.

Wazo hilo halikuishia majumbani. Mwaka wa 2018 shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilitoa kiwango kinachoitwa G.698.4, ambapo vifaa vya mwisho wa uzi hujipanga rangi kwa kufuata maelekezo kutoka upande wa kituo. Mojawapo ya walengwa wake ni minara ya simu. Hilo ni jambo zuri kwetu, kwa sababu kampuni za simu zikinunua leza hizi kwa wingi kwa ajili ya minara, bei itashuka kabla hata hazijafika kwako.

Ujanja wa tatu ni kuzifunga kwenye kopo dogo la chuma, lile linalotumika kwa leza za kawaida, badala ya boksi maalum. Viwanda tayari vina mashine za makopo hayo. Wa nne ni kupunguza vipimo: usiipime leza kila digrii kiwandani, pima pointi chache, mengine kituo kitarekebisha ikishafungwa.

Lakini mbona bado?

Nisikudanganye. Huu mchezo, hadi sasa, leza rahisi zimeshinda. Verizon ya Marekani ndiyo kampuni kubwa iliyosimama na NG-PON2. Mwaka wa 2015 iliijaribu kule Framingham, Massachusetts. Kampuni nyingi nyingine duniani zilitazama bei ya visanduku zikachagua XGS-PON, rangi moja, leza isiyohitaji kudhibitiwa.

Ni ile stori ya kuku na yai. Leza ni ghali kwa sababu hazinunuliwi kwa wingi, hazinunuliwi kwa wingi kwa sababu ni ghali.

Kwani XGS-PON ina ubaya gani? Kwa kasi, hauna. Gigabiti 10 kwa mtaa mmoja ni nyingi, na ningeichukua leo hii. Lakini haitatui shida yetu nyingine, ambayo waweza kuiona bila kifaa chochote. Inua kichwa utazame nguzo.

Ninapokaa, nje kidogo ya mji wa Kilifi, barabara kuu ina kebo za kampuni kadhaa kwenye nguzo zile zile, zimeviringana kama nywele ambazo hazijachanwa. Ukitembea dakika saba kuelekea ndani, hakuna hata moja. Niliomba kuunganishwa. Nikaambiwa nitafute majirani wa kutosha kwanza, ndipo nguzo ziletwe. Kila kampuni niliyoiuliza ilinipa jibu lile lile. Kila moja ilitaka wateja wa kutosha kulipia nguzo zake peke yake, kando ya nguzo za mwenzake.

Hapo utaona pesa zinavyopotea. Sehemu kubwa ya gharama ya faiba ni kuchimba, nguzo, vibali na vibarua. Uzi wenyewe ni wa bei ndogo. Kampuni tatu zikivuta nyuzi tatu kwenye barabara moja, gharama hiyo inalipwa mara tatu, na wanaoilipa ni wateja wa barabara hiyo. Sisi wa ndani hatufikiwi.

Uzi mmoja wenye rangi nne ungebadilisha hesabu. Mmoja anavuta uzi, wengine wanakodi rangi. Kikampuni kidogo cha vijana wa Malindi hakihitaji kuchimba kutoka mjini hadi Mambrui. Kinahitaji rangi moja na wateja. Majirani wangu wakitafutwa, wanahesabiwa kwa pamoja, hata kama nusu yao wanataka kampuni nyingine. Kisha kuna umbali: GPON ya kawaida hupangwa kwa kilomita 20, ilhali NG-PON2 ilipangwa kufika 40 bila kifaa cha stima katikati. Kwa vijiji vilivyotawanyika kando ya barabara ya Malindi, hizo 20 za ziada ni vituo vichache vya kujenga.

Leza peke yake haitoshi, ni kweli. Bila sheria inayomlazimisha mwenye uzi kukodisha kwa bei ya haki, atazima rangi tatu na kubaki na yake. Hilo ni la Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na la kaunti inayotoa vibali vya kuchimba. Lakini leza ikiwa ghali, hata sheria nzuri itabaki kwenye makaratasi, kwa sababu hakuna atakayeweza kununua visanduku.

"Si ninunue tu Starlink?"

Nilijua utauliza. Starlink ilianza Kenya Julai 2023, na kwa mtu aliye Marafa au Magarini ndani, kweli ni mkombozi. Lakini angani pia kuna kugawana. Mwishoni mwa 2024 iliacha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu nafasi ilijaa. Satelaiti inafaa pale watu wanapokaa mbalimbali. Mtaa wenye nyumba zilizobanana, kama Mtwapa au Maweni, wahitaji uzi.

Na hili si la kumwambia mtu wa Malindi kama jambo geni. Pale Ngomeni satelaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, kwenye mitambo ya Waitaliano iliyoko baharini. Zaidi ya miaka 50 tumeishi jirani na teknolojia ya anga, na bado kuna nyumba karibu na hapo ambazo zanunua bando za saa moja.

Wakati tukingoja

Leza ya bei rahisi haiji kesho. Kwa sasa, kuna maswali unayoweza kumuuliza yeyote anayekuletea faiba, na ukimuuliza atajua hujalala.

Muulize uzi wako unagawanywa kwa nyumba ngapi. Thelathini na mbili na 64 si kitu kimoja saa mbili usiku.

Muulize kasi ya kupeleka, usiridhike na ya kupokea. Kama wategemea kupakia video au kufanya kazi za mtandaoni, hiyo ndiyo yako.

Muulize kama ni GPON au XGS-PON. Nyumba mpya zikiunganishwa leo kwa teknolojia ya 2003, ni haki yako kujua kwa nini.

Fundi akija na kipimo, mwombe akuonyeshe namba ya mwanga. Itakuwa na alama ya kutoa mbele. Ikiwa kama -20, uko sawa. Ikikaribia -27, uko ukingoni, na siku yoyote ile taa itakuwa nyekundu. Mara nyingi tatizo ni kona kali kwenye kebo, au kiungo kilichoingia vumbi. Hiyo hurekebishwa siku hiyo hiyo. Na usichungulie kamwe mwisho wa uzi kuona kama unawaka. Mwanga wake hauonekani, lakini jicho linaumia.

La mwisho, kama uko Chuo Kikuu cha Pwani, au taasisi yoyote ya ufundi hapa Pwani, na watafuta mradi: kile kihita cha leza ni sakiti ndogo, na programu ya kukiongoza ni mistari michache. Joto la kuijaribia tunalo la kutosha. Panda juu ya dari ya mabati saa nane mchana na kipimajoto, uandike kisanduku cha faiba hufika digrii ngapi, kila siku kwa mwaka mmoja. Mtengenezaji anayetaka kuuza leza isiyo na kipoza kwa nchi zenye joto anazihitaji namba kama hizo.

Mimi bado nawahesabu majirani. Tumefika tisa.